Barabara Kuu Inapojengwa Upya: Uondoke Mapema, Upite Mchepuko, Upande Basi au Ubaki Nyumbani?

Foleni ya siku zote ina tabia inayojulikana. Anayeipitia kila asubuhi anajua inaanzia wapi, inalegea saa ngapi na siku ipi huwa nzito kuliko nyingine. Barabara kuu ikishafumuliwa ili ijengwe upya, ujuzi huo hauna kazi tena. Mkandarasi huhamisha vizuizi kila awamu inapokwisha, leni iliyokuwa wazi juma lililopita inakutwa imepangwa koni, na mchepuko ambao watu wameanza kuuzoea hufungwa ili mabomba ya maji ya mvua yapitishwe chini yake. Isitoshe, kazi za namna hii huchukua miezi mingi, na mara nyingi miaka, kwa hiyo mbinu ya kuvumilia siku chache tu haitoshi.

Makala haya yanalinganisha njia tano ambazo wakazi huzitumia zaidi: kubadili saa ya safari, kupita mchepuko, kuhamia basi au treni, kuchangia gari moja na wengine, na kupunguza safari kwa kufanya kazi nyumbani. Baiskeli na pikipiki zimetajwa kwa ufupi baadaye, kwa sababu kufaa kwake kunategemea mno umbali na hali ya barabara yenyewe.

Vigezo vya kupimia

Kigezo cha kwanza, ambacho kwa maoni yangu ndicho kizito kuliko vyote, ni uhakika wa muda wa kufika. Watu wengi huipima njia kwa siku yake nzuri na kusimulia kwamba pale walitumia dakika 35 tu. Kinachomwumiza msafiri ni ile siku moja kati ya tano ambapo safari ya dakika 45 inageuka kuwa ya dakika 90, kwa sababu mwenye kazi isiyosamehe uchelewaji analazimika kutenga dakika 90 kila siku kwa kuhofia siku hiyo moja. Kwa mtu huyo, njia inayochukua dakika 60 bila kuyumba ni fupi kuliko ile ya dakika 45.

Kuyumba huko kuna sababu yake. Leni moja ya barabara kuu, hali ikiwa nzuri, hupitisha takriban magari 2,000 kwa saa. Ndani ya eneo la ujenzi, ambako leni zimebanwa na mwendo umeshushwa, idadi hiyo inaweza kushuka hadi 1,500 au chini ya hapo. Chukua barabara ya leni tatu iliyokuwa ikibeba magari 5,000 kwa saa bila taabu, kisha uiachie leni mbili: sasa itapitisha magari 3,000 hivi, na yale 2,000 yaliyozidi yatajipanga nyuma yakisubiri, huku saa inayofuata ikileta mengine juu yake. Hesabu hiyo hiyo ina upande wa faraja. Mahitaji yakikaribia uwezo wa barabara, magari machache tu yakipungua, foleni hufupika kwa kiasi kikubwa kuliko idadi ya magari yaliyoondoka. Kwa hiyo uamuzi wa mkazi mmoja mmoja una uzito, na baadhi ya njia zinazojadiliwa hapa huwanufaisha hata wale wasiozitumia.

Kigezo cha pili ni gharama kamili. Hapa hatuhesabu mafuta na nauli peke yake, bali pia klachi na breki zinazochoka kwa mwendo wa kusimama na kuondoka, ada ya maegesho, na saa za usingizi. Cha tatu ni uwezo wa njia hiyo kudumu, yaani kama mtu anaweza kuifuata katika mwezi wa nane kama alivyoifuata katika wiki ya pili. Cha nne ni usalama pamoja na athari kwa wengine, hasa wanaoishi kando ya njia zinazogeuzwa kuwa za mkato.

Usiamue katika wiki ya kwanza

Wiki ya kwanza ya ujenzi hudanganya. Mara nyingi tahadhari hutolewa kwa sauti kubwa kiasi kwamba watu wengi huahirisha safari, na barabara inakuwa nyeupe kuliko hata siku za kawaida. Jijini Los Angeles, takriban kilomita 16 za barabara ya 405 zilifungwa mwishoni mwa wiki ya tarehe 16 na 17 Julai 2011 ili sehemu ya daraja la Mulholland ibomolewe. Vyombo vya habari vilitabiri balaa, wakazi wakabaki nyumbani, mitaa ikatulia, na barabara ikafunguliwa mapema kuliko ilivyopangwa. Seattle nako, barabara ya juu ya Alaskan Way ilipofungwa tarehe 11 Januari 2019 kwa takriban wiki tatu kabla ya handaki jipya kufunguliwa, msongamano ulikuwa mdogo kuliko ulivyohofiwa.

Watafiti Sally Cairns, Stephen Atkins na Phil Goodwin walichapisha mwaka 2002 uchambuzi wa mifano zaidi ya 70 kutoka nchi 11, ambako barabara zilipunguzwa uwezo au kufungwa. Katika nusu ya mifano hiyo, zaidi ya asilimia 11 ya magari yaliyokuwa yakipita pale hayakuonekana hata katika barabara za jirani. Watu walikuwa wamebadili saa, chombo cha usafiri, mahali pa kwenda, au wameacha safari fulani kabisa.

Hata hivyo, mifano ya Los Angeles na Seattle ilikuwa ya siku au wiki chache. Ujenzi wa mwaka mzima una mawimbi: watu hukimbia, husikia kwamba barabara ni tupu, hurudi kwa pamoja, kisha hukimbia tena. Ni busara kusubiri hadi wimbi la kwanza la warejeaji lipite ndipo mtu anunue tiketi ya mwezi, ahamishe mtoto shule au akubaliane na mwajiri ratiba mpya.

Kubadili saa ya safari

Uhakika wa muda. Njia hii huwa na uhakika mkubwa ikiwa utaitangulia foleni kabla haijaanza kuunda, na huwa haina maana ukiikuta inakua. Anayevuka eneo la ujenzi saa kumi na mbili kasorobo alfajiri anaweza kuokoa muda mwingi kuliko ule aliowahi kuamka, ilhali anayesogeza safari kutoka saa moja na nusu hadi saa moja na dakika kumi mara nyingi hubadilisha tu nafasi yake ndani ya foleni ile ile. Jioni hali ni kinyume chake, kwa sababu foleni huchukua muda mrefu kuyeyuka kuliko ilivyochukua kujengeka. Kuchelewa kwa nusu saa huenda kusisaidie, lakini kuchelewa kwa saa moja na nusu kukasaidia sana.

Kuna mtego mmoja ambao wengi hawauoni mpaka wauingie. Wakandarasi hupenda kufunga leni usiku, magari yanapokuwa machache, na hutakiwa kuzifungua kabla ya msongamano wa asubuhi. Tabaka la lami likichelewa kumalizika au mashine ikiharibika, wa kwanza kukwama ni wale waliowahi. Ratiba ya kufunga leni isomwe kila wiki, na anayeondoka saa kumi na moja alfajiri aisome kwa makini zaidi kuliko mwingine yeyote.

Gharama. Kifedha ni nafuu kuliko zote. Malipo yake ni usingizi, na wakati mwingine saa moja ya kukaa ofisini kabla kazi haijaanza.

Kudumu. Wiki za mwanzo huwa nyepesi, lakini kuanzia mwezi wa pili, usingizi usiolipwa huanza kudai haki yake. Asiyeweza kulala mapema asijidanganye kwamba ataamka mapema kwa mwaka mzima.

Usalama na athari. Kuendesha ukisinzia katika leni nyembamba zenye vizuizi vya zege pande zote ni hatari kubwa. Kwa upande wa wengine, njia hii ni ya ukarimu, maana inaondoa gari lako katika saa mbaya.

Inawafaa wasio na watoto wa kuwapeleka shule kwa saa maalumu, wenye mwajiri asiyejali mtu ameingia saa ngapi mradi saa za kazi zitimie, na wafanyabiashara wanaopanga wenyewe muda wao.

Mchepuko na njia za panya

Hapa inafaa kutenganisha mambo mawili. Mchepuko rasmi una alama, una askari wa usalama barabarani au washika bendera, na umepimwa kubeba magari mengi. Njia ya panya ni kichochoro ambacho mtu amekigundua, au ameonyeshwa na programu ya ramani kwenye simu, kikipita katikati ya makazi.

Uhakika wa muda. Mchepuko rasmi ni mrefu lakini unatabirika kiasi. Njia ya panya ni ya haraka mpaka pale wengine watakapoijua, na siku hizi huijua haraka sana kwa sababu simu zote huonyesha mkato ule ule kwa wakati mmoja. Tatizo lake kubwa huwa mwishoni: kichochoro kinapotokea tena kwenye barabara kubwa pasipo taa, kila dereva husubiri aonewe huruma, na magari manne tu mbele yako yanaweza kula faida yote uliyoipata njiani.

Gharama. Umbali huongezeka, barabara za mitaa zina mashimo na matuta, na matairi pamoja na springi hulipa. Mwenye gari la chini ajipime kabla msimu wa mvua haujaanza.

Kudumu. Ni chache zinazodumu, kwani wenyeji hulalamika, mamlaka huweka vizuizi, au mkandarasi mwenyewe huufikia mtaa ule kwa kazi zake. Mji mdogo wa Leonia, New Jersey, jirani na daraja la George Washington, uliamua mwaka 2018 kuzuia wasio wakazi kupita makumi ya mitaa yake saa za msongamano, baada ya madereva wanaofuata simu kuijaza. Amri hiyo baadaye ilikwama mahakamani, lakini inaonyesha hasira ya wenyeji hufika wapi.

Usalama na athari. Hapa ndipo njia ya panya inapopoteza alama nyingi. Mtaa uliozoea watoto kucheza na wazee kutembea hauna njia za miguu za kuhimili magari mia kadhaa yenye haraka. Njia ambayo faida yake yote hulipwa na mtu mwingine ni vigumu kuisifu.

Inawafaa wanaokwenda mahali palipo kando ya barabara kuu, ambao hawana haja ya kuvuka eneo lote la ujenzi, na wale wanaoifahamu mitaa vizuri kiasi cha kuwa na njia mbili au tatu za akiba. Kama njia ya dharura ina thamani; kama njia ya kila siku, mchepuko rasmi huishinda mara nyingi.

Basi au treni

Uhakika wa muda. Swali la kuuliza ni moja: chombo hicho kina njia yake? Treni yenye reli yake haijali koni wala greda. Barabara ya 85 jijini Atlanta ilipokatika baada ya moto kuangusha daraja tarehe 30 Machi 2017, abiria wa treni za MARTA, shirika la usafiri wa umma la jiji hilo, waliongezeka wakati daraja likijengwa upya, hadi lilipofunguliwa katikati ya Mei. Basi lenye leni yake hukaribia uhakika huo. Basi linalochangia leni na magari mengine lina foleni ile ile unayoikimbia, na lina tatizo lake la ziada: likichelewa hukuta abiria wengi kituoni, kuwapakia kunalichelewesha zaidi, na la nyuma yake linalikaribia, ndiyo maana watu husubiri muda mrefu kisha mabasi matatu hutokea pamoja.

Vituo navyo huhamahama. Ujenzi ukifika mbele ya kituo, kibao kinasogezwa mita mia kadhaa, mara nyingine hadi upande wa pili wa barabara iliyokatwa, na atakayejua hilo asubuhi yenyewe atalikosa basi akiliona.

Gharama. Kwa mtu anayesafiri peke yake, nauli kwa kawaida huwa chini ya mafuta na maegesho. Kwa familia ya watu wanne hesabu inaweza kugeuka.

Kudumu. Njia hii huvumilika vizuri kwa anayepata kiti, kwa kuwa muda wa safari unakuwa wake: atasoma, atalala, atajibu barua. Anayesimama safari nzima na kutembea kipande kirefu mwishoni huchoka upesi. Inafaa kuijaribu hata kwa mtu asiyeipenda. Mgomo wa treni za chini ya ardhi jijini London, Februari 2014, uliwalazimisha abiria kutafuta njia nyingine, na watafiti waliochunguza kadi zao za usafiri waligundua kwamba takriban asilimia 5 hawakurudi tena kwenye njia yao ya zamani. Walikuwa na njia bora zaidi muda wote huo na hawakuwahi kuitafuta.

Usalama na athari. Hakuna njia ya kuvuka eneo la ujenzi inayopunguza magari kuliko basi lililojaa. Udhaifu uko katika kutembea kwenda kituoni kati ya mashimo, kifusi na mwanga hafifu.

Inawafaa wanaoishi karibu na kituo na wanaokwenda katikati ya mji. Mwenye kazi ya kuzunguka sehemu nyingi kwa siku, au anayebeba vifaa, haimfai.

Kuchangia gari

Uhakika wa muda wa njia hii hauwezi kuzidi ule wa mtu mzembe kuliko wote katika kundi. Ikiwa kuna leni iliyotengwa kwa magari yenye abiria zaidi ya mmoja, na haikufungwa wakati wa ujenzi, mizani hubadilika. Leni ya aina hiyo ndiyo iliyokuwa ikiongezwa katika upanuzi wa barabara ya 405 uliotajwa hapo juu. Pasipo leni hiyo, muda ni ule ule wa gari la mtu mmoja, pamoja na dakika za kukusanyana.

Kwa gharama haina mpinzani miongoni mwa njia zinazotumia gari, kwa kuwa watu watatu wakipokezana magari kila mmoja hupunguza theluthi mbili za mafuta na uchakavu. Kudumu kwake kunategemea makubaliano yaliyosemwa wazi mwanzoni: nani anasubiriwa kwa dakika ngapi, nani analipa maegesho, nini kitafanyika jioni mmoja akichelewa kutoka. Makundi mengi huvunjika kwa sababu ya jioni kuliko asubuhi. Inawafaa wafanyakazi wa zamu moja katika sehemu moja. Wenye ratiba za kubadilika wataona kero.

Kufanya kazi nyumbani

Uhakika hapa ni kamili, na kwa sababu hiyo ulinganisho unaonekana rahisi, lakini njia hii haipo kwa wengi. Muuguzi, mwalimu wa darasani, fundi na muuzaji hawawezi kuichagua. Walio na nafasi hiyo hupata kawaida siku mbili au tatu kwa wiki, na kosa la kawaida ni wote kuchagua Jumatatu na Ijumaa, hivyo Jumanne hadi Alhamisi zikabaki na foleni ile ile. Afadhali siku za nyumbani zifuate ratiba ya ujenzi: leni zikifungwa Jumatano kwa ajili ya kumwaga zege, Jumatano ndiyo siku ya kubaki.

Gharama huhamia nyumbani, yaani umeme, intaneti na nafasi tulivu. Kudumu kwake kunategemea nyumba yenyewe. Chumba kimoja chenye watoto wawili hugeuza faida kuwa mzigo. Kwa wengine barabarani, kila anayebaki ni gari moja lililotoweka katika ile hesabu ya 3,000 kwa saa.

Baiskeli na pikipiki

Baiskeli kwa mwendo wa kawaida wa kilomita 15 kwa saa humaliza kilomita saba kwa karibu nusu saa, foleni iwepo isiwepo, na kwa uhakika wa muda inakaribia treni. Pikipiki ni ya haraka zaidi. Zote mbili zinakutana na changarawe iliyomwagika, kingo za lami zisizolingana kimo, malori ya kifusi yenye upofu wa pembeni, na vumbi. Kama ipo njia ya pembeni isiyopita ndani ya eneo la ujenzi, zinastahili kufikiriwa. Kama haipo, ningesita sana.

Kuchagua kulingana na hali yako

Mwenye saa ya kuingia isiyosogezeka, na treni au basi lenye leni yake likiwa karibu naye, aanze hapo. Kama hakuna, awahi kuitangulia foleni, na mchepuko rasmi uwe akiba yake kwa siku ambayo leni hazikufunguliwa kwa wakati.

Mzazi anayepeleka watoto shule ana saa iliyofungwa pande mbili. Kwake kubadili saa hakuwezekani, na kuchangia gari na wazazi wa mtaa huo huo, kwa zamu za wiki, huleta nafuu kubwa kuliko kuhangaika na njia za panya kila asubuhi.

Anayeweza kukaa nyumbani siku mbili aziunganishe na kubadili saa katika siku tatu zilizobaki. Mchanganyiko huo huvumilika kwa miezi mingi kuliko njia yoyote ikifuatwa peke yake siku tano.

Anayeishi mbali sana, ujenzi ukitarajiwa kuchukua zaidi ya mwaka, anaweza kupiga hesabu ya kupanga chumba karibu na kazi kwa siku za kazi tu, hasa wakiwa wawili wa kuchangia kodi. Si ya kila mtu, lakini kwa wengine mafuta na usingizi vikijumlishwa hukaribia kodi hiyo.

Kila awamu mpya inapotangazwa, uamuzi upitiwe upya, kwa kuwa njia iliyofaa wakati upande wa kushoto umefumuliwa huenda isifae kazi ikihamia kulia.

Wapo pia wasio na chaguo: madereva wa malori, wa magari ya wagonjwa, mafundi wenye vifaa vizito, ambao lazima wapite pale pale saa ile ile. Kwao kilichobaki ni namna ya kuendesha ndani ya foleni. Leni inapokaribia kuisha na magari yanatembea polepole, kuhama mapema kunaacha leni nzima tupu na kurefusha mkia wa foleni hadi makutano ya nyuma. Ujerumani imeliweka hili katika sheria: pale leni inapoishia, magari huendelea hadi karibu na kizuizi, kisha huingiliana moja moja kwa zamu. Dereva akifika penye koni za mwisho, aruhusu gari moja la leni inayoisha liingie mbele yake, afuate, na wa nyuma yake afanye vivyo hivyo.